Alipanda nami vitunguu saumu huku akijua

Jumamosi, mwishoni mwa mwezi wa nne. Kumekucha na baridi ya kuvalia soksi, kufika saa tano jua likanivua sweta, na sasa alasiri kuna upepo mkavu unaopasua midomo. Miti ya barabarani inapukutisha majani, na kila gari likipita yanafukuzana hadi mlangoni kwangu.

Tangu Alhamisi chakula hakina ladha.

Leo nilipanga kuandika mambo ya bustani tu. Wachache mnaosoma ukurasa huu, hasa ninyi wa Yeoville na La Rochelle mlioniuliza mpande nini kabla baridi haijashika, niliwaambia Jumamosi nitaandika. Nitayaandika humu humu, yatakavyokuja. Lakini siwezi kugusa habari ya udongo leo bila kugusa habari ya Mama Furaha.

Kwa asiyenijua: mimi ni mtu wa Tanga, nashona mapazia, napanga chumba cha mbele katika nyumba ya zamani hapa Bertrams, kusini kabisa mwa Afrika. Wapangaji tuko wanne. Nyuma ya nyumba kuna uwanja uliokuwa jalala la matairi na vyupa. Miaka sita iliyopita nilimwomba mwenye nyumba anipe niulime. Akasema, lima, mama, siku nikiuhitaji nitakuuliza wewe kwanza. Hatukuandikiana. Niliamini neno lake, na kwa kweli sikukosea kumwamini. Niliyekosea kumwamini ni mwingine.

Mama Furaha alihamia chumba cha nyuma miaka minne iliyopita. Ni msusi, mtu wa Bukavu, mwembamba, mcheshi, mkono wake mwepesi kichwani na mwepesi zaidi ardhini. Wiki ya kwanza tu alinikuta nang'oa mchicha akaniuliza kwa nini natupa lengalenga yenye mbegu. Nikamwambia huu ni mchicha. Akasema ni lengalenga. Tulibishana mwaka mzima, mmea ni ule ule, na mbegu alizozihifadhi yeye ndani ya soksi kuukuu ndizo tunazopanda mpaka leo.

Tulizokuwa tunazipanda.

Haya, ya bustani kwanza, kabla sijaharibikiwa.

Kwetu Tanga nikisema vuli namaanisha mvua. Huku majira haya ni ya majani kuanguka na mvua kuaga, na yanadanganya. Adhuhuri unaona joto, unadhani bado una muda. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda nyanya mwezi wa tano kwa akili za Tanga. Zikaota, zikapendeza, nikazipigia picha. Asubuhi moja nikatoka nikakuta umande umeganda mweupe juu ya majani kama chumvi. Jua lilipopanda, miche yote ikawa myeusi, imelala chini. Nililia kwa ajili ya nyanya, mtu mzima mimi.

Kwa hiyo msikilizeni aliyekwisha kulia. Nyanya zilizobaki mtini, hata mbichi, zichumeni sasa, zipangeni ndani ya boksi lenye magazeti, zitaiva polepole chumbani. Maboga yakateni na vikonyo vyake, yaacheni juani siku kadhaa ngozi ikomae. Viazi vitamu vichimbeni kabla mwezi ujao haujafika mbali. Wapenzi wa matembele, kateni vipande vichache vya mashina muviweke kwenye ndoo ya maji dirishani, maana yaliyo nje baridi itayamaliza na mwakani mtakuwa hamna pa kuanzia.

Nafasi zinazobaki wazi msiziache uchi. Ardhi bado ina joto la kiangazi hata kama hewa imepoa, na mbegu inapenda hivyo. Spinachi, kabichi, karoti, bitiruti, njegere, kotimiri, vitunguu. Mwagilieni asubuhi jua likishatoka, si jioni, maji yasije yakagandia kwenye majani. Na majani yanayoanguka barabarani msiyachome. Yakusanyeni, yalowesheni, yatandazeni juu ya udongo, unene wa kiganja kilichosimama. Yatashika unyevu, maana hapa miezi ya baridi tone la mvua halidondoki.

Majani hayo mwaka jana alikuwa anayaleta Mama Furaha. Akitoka saluni Yeoville alikuwa anajaza gunia na kulibeba kichwani hadi huku. Alisema watu njiani walikuwa wanamwuliza anauza nini. Akawa anawajibu, blanketi.

Nilicheka sana siku ile. Sasa nakumbuka tu kwamba nilicheka.

Mwezi wa tatu sikuwepo nyumbani. Binti yangu Zuhura alijifungua, nikaenda La Rochelle kumwogesha mtoto na kumpikia mama yake. Nilikaa huko wiki tatu. Bustani nilimwachia Mama Furaha, nikampa na ufunguo wa chumba changu. Niliporudi nikakuta kila kitu kimemwagiliwa, hata ule mmea wangu wa dirishani. Nikamletea kitenge kumshukuru. Alikipokea huku anatazama chini. Nilidhani ni haya.

Baada ya Pasaka nikamwambia, mwaka huu tupande vitunguu saumu, tena vingi, matuta mawili marefu. Vitunguu saumu vinataka baridi. Unavipanda sasa, vinalala ardhini miezi yote ya baridi, unavuna karibu na mwisho wa mwaka. Ni zao la mtu mwenye uhakika na ardhi yake.

Yeye akasema, "Dada, tupande tu spinachi. Inatoka mbio."

Nikamwambia spinachi ipo ya kutosha.

"Basi tuta moja tu."

Nikamtania kwamba uvivu umeanza. Akapiga magoti upande wa pili wa tuta, tukaanza. Mimi natoboa kwa kidole, yeye anaweka punje, ncha juu, shubiri moja kutoka punje hadi punje. Ilituchukua alasiri nzima. Alikuwa anaimba nyimbo zao za kanisani kwa sauti ya chini. Tulipomaliza akafukia kila shimo kwa mkono, taratibu, akatandaza majani juu yake kama anayemfunika mtoto.

Alikuwa anajua.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nashona nikasikia vishindo nyuma. Nikatoka. Nikamkuta fundi mmoja, mtu wa makamo, ametandaza kamba kutoka ukuta hadi ukuta na anamwaga chokaa nyeupe juu ya udongo. Mstari mmoja ulipita katikati ya matuta ya vitunguu saumu. Vilikuwa vimeshachipua, urefu wa kidole, vimejipanga kama askari. Akavikanyaga bila kujua, maskini, akaniamkia kwa adabu.

Nikamwuliza anafanya nini. Akasema anapima vyumba vitatu, ujenzi unaanza. Nikamwambia lazima amekosea nyumba. Akatoa simu akanionyesha ujumbe wa mwenye nyumba, namba ya nyumba yetu, jina la barabara yetu. Halafu akasema, kwa upole kabisa, kwamba yeye alishakuja hapa kabla ya Pasaka, na yule mama wa chumba cha nyuma ndiye aliyemwonyesha bomba la maji linapita wapi.

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Mtu akikuibia, unakasirika na unajua la kufanya. Hili sikujua. Nilirudi ndani nikakaa mbele ya cherehani, nikashona pindo la pazia la mteja hadi mwisho, kisha nikagundua nimelishona upande wa nje. Nikaanza kufumua.

Mama Furaha alirudi saa tisa. Nilimngoja bombani, kwa sababu huwa ananawa miguu kwanza kabla ya kuingia ndani. Aliiona ile chokaa kabla hajaniona mimi. Akaweka mkoba chini.

"Ulijua?" nikamwuliza.

Alifungua maji, akayafunga. "Nilijua, dada."

"Tangu lini?"

"Tangu ile wakati ulikuwa kwa Zuhura."

"Na tukapanda."

"Nilikuambia tupande spinachi," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Halafu akanieleza yote, amesimama pale pale miguu mikavu. Dada yake anakuja kutoka Bukavu na watoto watatu. Wameshatoka, wako njiani. Chumba chake yeye kina kitanda kimoja na vifaa vya saluni. Mwenye nyumba alipokuja na habari ya kujenga, aliuliza kwanza niko wapi, akasema bustani ni ya Mama Zuhura, ndiye mimi, na lazima anisikie kwanza. Mama Furaha akamwomba chumba kimoja kati ya vile vitatu kwa ajili ya dada yake. Mwenye nyumba akasema sawa, ilimradi asiwepo mtu wa kukataa.

"Akauliza, Mama Zuhura atakubali?" akasema. "Nikamujibu, nilishaongea naye kwa simu, alikubali."

Hakunipigia. Wiki zile tatu tuliongea kila siku mbili tatu, aliniuliza habari za kitovu cha mtoto, hali ya maziwa, hali ya miguu yangu. Hili hakulisema.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekataa. Na batoto bale bataenda wapi?"

Nikaingia ndani nikafunga mlango. Sikuupigiza. Niliufunga tu, na hilo najua lilimwuma zaidi.

Nimejiuliza kwa siku mbili kama ningekataa. Niseme ukweli, kwa kuwa humu sina sababu ya kujipamba. Siku ya kwanza ningekataa. Ningesema uwanja ule niliusafisha mimi, nikakatwa na vyupa mimi. Ningekaa siku mbili tatu na uchungu wangu. Halafu ningewaza wale watoto watatu na mabegi yao, ningekubali. Nadhani ningekubali. Ila sitajua kamwe, kwa sababu neno lile lilikuwa langu la kusema, akalisema yeye, kwa jina langu, kwa sauti yake.

Udongo si kitu. Huo nimeshaulilia na umekwisha. Kinachonirudia ni ile alasiri ya kupiga magoti. Alikaa mbele yangu kwa saa nne, umbali wa nusu hatua, anatazama vidole vyangu vinatoboa mashimo ya kitu ambacho hakitavunwa. Aliniacha nitoboe hadi shimo la mwisho. Aliimba.

Kuna jingine linaloniaibisha, nalo naliandika. Jana nilirudi nyuma nikasoma kurasa zangu za miaka hii minne, nitafute mahali nilipomsifu, nijiumize vizuri. Kila mahali nimeandika "bustani yangu". Matuta yangu, maboga yangu, mboji yangu. Mama Furaha yumo mara mbili tu. Mara moja namwita jirani, mara nyingine namwita msaidizi. Magunia yote yale ya majani, na mbegu za kwenye soksi, na wiki zile tatu za kumwagilia. Msaidizi.

Hilo halimsafishi. Lakini nimeliona, siwezi kujifanya sijaliona.

Jana Ijumaa, nikitoka kuswali, mwenye nyumba alipiga simu. Fundi alikuwa amemwambia kwamba mama wa mbele ameonekana kushangaa. Ni mtu mzima, hapendi maneno na wapangaji. Akaniuliza kwa Kiingereza chake cha polepole kama kweli nilikubali au sikukubali. Akasema kama sikukubali nimwambie sasa hivi, yeye ana kiwanja kingine upande wa kusini mwa mji, atawapeleka mafundi kule, na huku tutaongea mwakani.

Nilikuwa nimesimama dirishani. Nje, Mama Furaha alikuwa anaanua nguo. Nadhani alisikia jina la mwenye nyumba, maana mikono yake ilisimama kwenye kamba, ameshika shuka, haivuti wala haiachii. Hakugeuka. Mgongo wake tu ndio niliokuwa nauona, na kisogo chake ambacho hajakisuka vizuri, kwa sababu msusi hana wa kumsuka. Kwa kawaida namsuka mimi Jumapili.

Neno moja lingetosha. Na lingekuwa neno la kweli, wala nisingekuwa nimemsingizia.

Nikasema, "Sikuulizwa."

Eish, akasema mwenye nyumba, na nikasikia anavuta kiti.

Nikasema, "Lakini jenga."

Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia ninacho kitu cha kuomba: wiki mbili za kuhamisha mimea yangu, na ukanda wa hatua moja chini ya ule ukuta unaopigwa na jua la kaskazini. Wiki mbili akanipa hapo hapo. Kuhusu ukanda akasema ataongea na fundi. Akaniambia pia kwamba siku ile ilimpasa kunipigia simu yeye mwenyewe, akaomba radhi. Yeye ndiye wa kwanza kuniomba radhi katika jambo hili, na ndiye aliyekuwa na kosa dogo kuliko wote.

Nilipokata simu Mama Furaha alikuwa ameshaingia ndani. Shuka moja alilisahau kwenye kamba.

Msije mkadhani nimesamehe. Nimesema ajenge kwa sababu ya watu wanne nisiowajua walioko njiani. Msamaha ni jambo jingine, na nikiutafuta leo siuoni.

Leo tangu asubuhi nang'oa vitunguu saumu. Kwa walioniuliza kama vinahamishika: vinahamishika vikiwa bado vichanga, ilimradi usivivute kwa majani. Chimba pembeni, ingiza mkono chini, inua punje na udongo wake wote. Ndoo iwe na kina cha kutosha, itobolewe chini maji yapite, na udongo uchanganywe na mboji. Kwenye ndoo ya rangi, ile kubwa ya wajenzi, vinakaa vitano, sita ukibana. Baada ya kuhamisha mwagilia mara moja vizuri, kisha viache kivulini siku mbili vitulie. Vingine vitanyong'onyea. Msivikatie tamaa haraka.

Nilikuwa na ndoo saba. Hazikutosha hata nusu ya tuta la kwanza.

Saa mbili Mama Furaha alitoka kwenda kazini. Nilikuwa nimeinama, nikaona miguu yake inasimama mwisho wa tuta. Alikuwa ameshika ndoo sita tupu zilizoingizwa moja ndani ya nyingine, zile za mafuta ya nywele za saluni kwao, zimeoshwa, zimeshatobolewa chini kwa msumari wa moto. Akaziweka. Akangoja kidogo. Mimi nikaendelea kuchimba. Akasema, "Asubuhi njema, Mama Zuhura," si dada kama siku zote, akaondoka.

Nilizitumia. Vitunguu havikunikosea.

Sasa ni saa kumi, mikono inanuka saumu, mgongo hautaki kunyooka. Tuta la kwanza limekwisha, la pili bado. Ndege wale wenye midomo mirefu, hadida, wameshavamia mahali nilipofukua, wanadonoa minyoo na kupiga kelele zao. Mboji yote bado iko kwenye kona, rundo la kufika kiunoni, na mtu mmoja hawezi kulihamisha wiki mbili akiwa na mapazia ya kushona.

Dakika kumi zilizopita simu imeita. Ujumbe wa Mama Furaha. Kesho ibada kwao inatoka saa saba. Akitoka atakuja kubeba mboji. Chini yake ameandika: "Sitaongea kama hutaki niongee."

Sijajibu. Nimeusoma mara nyingi.

Ningependa aongee. Ningependa anieleze aliwezaje kuimba. Na wakati huo huo sitaki kuisikia sauti yake mwezi mzima. Yote mawili yako ndani ya kifua kimoja, wala sijui lipi litaamka kwanza kesho.

Nina makoleo mawili ya kuchotea mboji. Je, kesho saa saba lile la pili nitaliegemeza ukutani, mahali atakapoliona, au nitaliingiza ndani?